Mkalimani, Salala

Ukungu wa kharifu ulikuwa umeondoka
ukaacha milima kijani na kuvu kwenye majalada.
Nikala kiapo kwa mara ya mia na kitu:
kutafsiri bila kuongeza, bila kupunguza,
kana kwamba maneno ni mchele.

Mshitakiwa: Shee Famau, mzaliwa wa Siyu,
miaka hamsini na minane,
mpakuzi wa magunia ya ubani nyuma ya soko la Hafa.
Kielelezo: vitita kumi na tisa vya mirungi,
vimefungwa kwa majani ya mgomba, vimenyauka,
ndani ya pipa la rangi, ndani ya gari
lililoshuka kutoka mpaka wa Yemeni.

Mwendesha mashitaka akataja neno la sheria.
Kiswahili changu, nilichopewa na mama
aliyerudi kutoka Unguja na sanduku moja na mbuzi ya nazi,
kikalitoa: dawa ya kulevya.
Mzee akatikisa kichwa.
"Mwanangu, mwambie hailevyi. Yakeshesha."

Kulevya. Kukeshesha.
Nikasimama baina ya vitenzi viwili
kama mtu aliyeshika milango miwili upepo ukivuma.

Akaeleza usiku wa Ijumaa ukumbini kwa babu yake,
halaka ya dhikiri, watu kumi na wanne,
kijiti na tasbihi vikipita mkono kwa mkono
mpaka jogoo anawika na hakuna aliyepiga mwayo.
Hakimu, mtaratibu, sauti ya chini, akauliza:
"Dini yenu inawaamrisha kutafuna?"
"Haituamrishi. Yatuita, nasi tuna usingizi."

Hakimu akanyamaza kidogo.
Kisha: "Mama yangu aliamka kila usiku, miaka sitini,
kwa maji ya birika tu."

Na vitita kumi na tisa, kinywa kimoja?
"Nawagawia wenzangu."
Kwa bure?
Mzee akanitazama mimi, si hakimu,
kana kwamba bei naweza kuikosea njiani.
"Riali mbili," akasema.
Riali mbili, nikasema.

Alipopewa neno la mwisho hakujitetea. Alighani,
macho kafumba, kidole kikipiga mizani kwenye kizimba:

*Sikutafuta ulevi, nalitafuta kukesha,*
*Usiku una ujuvi, macho yangu huyachosha,*
*Baba alinipa hivi, jani, uradi, vyatosha,*
*Nifunge, mwenye kufunga, dhikiri haifungiki.*

Karani akasubiri, vidole juu ya kibodi.
Nikasema kwa Kiarabu: Mshitakiwa anaeleza
kwamba alitumia mmea huo ili asilale,
kufuata desturi ya baba yake,
na kwamba anakubali kufungwa.

Sikuongeza kitu.
Mwaka mmoja, faini, kisha ndege.

Usiku nikaweka dele jikoni.
Nikaponda iliki, nikasikia harufu inapanda
mpaka chumba cha watoto.
Nilisoma zamani, darasa la saba au la nane,
kwamba hata kahawa iliwahi kushitakiwa,
magunia yake yakachomwa hadharani,
na waliokuwa wakikesha nayo wakiitaja Mola
wakaambiwa wamelewa.
Nani aliitolea ushahidi? Kwa lugha gani?
Mkalimani wake alilala saa ngapi?

Sijui kama Shee alikuwa mchamungu au mchuuzi.
Nadhani alikuwa yote mawili,
kama baba yangu, aliyeuza saa za bandia
na hakukosa swala ya jamaa hata siku moja.
Wala sitaki mwanangu wa kiume atafune jani lile.
Nimeshaona mataya yanavyochoka,
kodi ya nyumba inavyoliwa.
Lakini nilikunywa vikombe vitatu, vichungu, ndipo nikatawadha.

Katika sijda ya pili vikanijia
vina vyake vyote vinne, vimekaa sawasawa,
kwa Kiarabu safi,
na hukumu imeshapigwa muhuri.